Tuzipandishe Nadharia Mlimani

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu na wanafunzi, asanteni kwa kufika.

Nadharia za jiografia ya binadamu tunazifundisha kama majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na mimi naona tunazionea. Kila moja ilizaliwa mahali fulani, ikijibu swali fulani. Tuziulize hayo, kisha tuzipandishe mlima huu hapa juu ya Moshi.

Mwaka 1882 Mjerumani Friedrich Ratzel alianza kuchapisha kitabu chake kikuu juu ya jiografia ya binadamu. Mwanafunzi wake Mmarekani, Ellen Semple, akaisukuma hoja mbele mwaka 1911: hali ya hewa na sura ya nchi humfinyanga mtu, mpaka mawazo na dini yake. Hoja hiyo iliwafaa wakoloni, maana ilimfanya Mwafrika aonekane nyuma kwa sababu ya jua tu. Sasa pandeni mtazame mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Maji huchukuliwa juu kabisa korongoni, yakapitishwa ubavuni mwa mlima kwa mwinamo mdogo, yakafika kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la migomba na kahawa, mbali na mto, na watu wakagawana kwa zamu. Mfongo ukibomoka, wenye zamu hutoka na majembe. Hapo mlima haukumwamulia mtu. Paul Vidal de la Blache wa Ufaransa angeuelewa mara moja, kwani alishikilia kwamba mazingira hutoa nafasi na binadamu ndiye huchagua.

Johann von Thünen aliandika mwaka 1826 akitumia hesabu za shamba lake la Tellow, kaskazini mwa Ujerumani. Aliwazia nchi tambarare yenye mji katikati: maziwa na mboga karibu, nafaka mbele yake, mifugo mbali kabisa. Kwetu mwinuko huvuruga miduara hiyo. Migomba na kahawa viko juu, mahindi yako chini, na ng'ombe wa maziwa yuko bandani katikati ya migomba. Hata hivyo, gharama ya usafiri aliyoipigia hesabu inamuuma mpaka leo mama anayeshusha mikungu ya ndizi sokoni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja takwimu. Mwaka 1970 Peter Gould alichapisha utafiti uliochora ramani za kuenea kwa usasa Tanzania, 1920 hadi 1963. Ni kazi ya ustadi, lakini usasa wenyewe haukuhojiwa. Mwanahistoria Walter Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam, aliuhoji mwaka 1972, na David Harvey akaigeuzia jiografia ya miji swali la haki mwaka 1973: nani anafaidi, nani analipa?

Ninayempenda zaidi ni Torsten Hägerstrand wa Sweden. Mwaka 1970 aliwakumbusha wataalamu wa mipango kwamba mtu ana mwili mmoja na siku ya saa 24, hawezi kuwa mahali pawili. Mfuateni mama wa kihambani: alfajiri anakamua, anashuka tambarare kukata majani, anayapandisha kichwani, na siku ya soko anashuka tena. Zahanati ikifunguliwa saa ambazo yuko njiani, kwake haipo, hata kama kwenye ramani iko kilomita 2 tu. Na mara nyingi kihamba anachokilisha hurithiwa na mtoto wa kiume. Wanajiografia wanawake waliliuliza kwa nguvu swali hilo la nafasi ya mwanamke kuanzia miaka ya 1970, na hapa mlimani bado halijajibiwa.

Karibuni maswali. Tuanze na kina mama.