Mti, Kipimo na Mwenye Kujua: Mhadhara Kuhusu Miti ya Dawa Katika Nchi ya Wamaasai

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliofika, wanataaluma wenzangu na wanafunzi,

Mada niliyopewa, matumizi ya mimea ya dawa katika jamii za vijijini, ni pana mno, kwa hiyo nitajifunga kwa Wamaasai na majirani zao wa Wilaya ya Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania. Hoja yangu ni kwamba elimu ya miti shamba haimo katika jina la mti, bali katika namna ya kuutambua, sehemu yake inayochukuliwa, kiasi kinachotosha na chakula kinachoandamana nao, na kwamba mti unapotoka kijijini kwenda sokoni, hayo ndiyo huachwa nyuma.

Wengi wenu mnaijua olpul, ile kambi ya porini ambako wanaume huchinja mnyama mbali na boma na kukaa siku kadhaa wakila nyama na kunywa supu iliyochemshwa kwa mizizi na magome. Mti unaotajwa sana katika supu hiyo ni olkiloriti, wa jamii ya migunga, ambao wataalamu wa mimea waliuita Acacia nilotica. Husemwa kuwa husaidia tumbo kumudu nyama nyingi, na morani husifu nguvu na ukali unaowapa. Watafiti wa lishe, ambao kwa miaka mingi wamejiuliza inakuwaje watu wanaotumia maziwa na mafuta ya wanyama kwa wingi namna hiyo wasisumbuliwe sana na maradhi ya moyo, baadhi yao wameyachunguza magome haya pia. Anayebandua gome hilo na kuliuza mjini kama dawa ya tumbo ameuza nusu tu ya dawa, kwa sababu nyama na mafuta ni sehemu ya matumizi yake. Olmukutan nao, ambao gome lake hutolewa kwa watu na mifugo wenye minyoo, huharisha kwa nguvu, na anayeutoa bila kujua kipimo anacheza na maisha ya mgonjwa.

Mfano ulio bora zaidi ni olamuriaki, kichaka chenye miiba ambacho watoto wachungaji hula matunda yake meusi na wazee huchemsha mizizi yake. Jina lake la kitaalamu ni Carissa spinarum, na Wasonjo, majirani wa Wamaasai, hukiita mugariga. Kichaka hiki kina ndugu yake, olmorijoi, ambao kwa Kiswahili ni msunguti, na huo ndio unaopikwa kuwa sumu ya mishale, sumu inayosimamisha moyo. Mimea hii miwili inafanana kiasi kwamba wataalamu wenyewe waliwahi kuiweka katika jenasi moja. Msunguti hauna miiba, na mtoto wa kichungaji hujifunza tofauti hiyo mapema, malishoni, bila darasa wala kitabu.

Sasa kumbukeni mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akitoa kikombe cha mugariga kwa shilingi 500, na misururu ya magari ikafika kilomita nyingi, ikiwa na wagonjwa wa kisukari, pumu, saratani na UKIMWI, baadhi yao wakifia njiani. Yeye alisema ameoteshwa na Mungu, na suala la imani silijadili hapa. Ninalolitazama ni kwamba mti uliokuwa na matumizi yake mahususi miongoni mwa wenyeji uligeuka kuwa kikombe kimoja, cha kipimo kimoja, kwa maradhi yote. Muda si muda vikombe vingine vikazuka katika mikoa mingine, kwa miti mingine kabisa.

Soko la nje nalo halina tofauti. Magome ya mti ambao Wakikuyu huuita muiri yalianza kutengenezewa dawa ya tezi dume barani Ulaya tangu miaka ya 1960, na mahitaji yakasababisha miti kuchunwa mzunguko mzima hadi kufa, hata biashara yake ikalazimika kudhibitiwa kimataifa.

Tanzania inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la kusajili waganga na kusimamia kazi zao. Naiheshimu, ila inamtazama mganga. Kwa Wamaasai, oloiboni ni mtu wa utabiri na matambiko zaidi, ilhali elimu ya mizizi na magome imetapakaa kwa watu wa kawaida: mama anayemtibu mwanawe, mfugaji anayemnywesha ndama. Hawa hawajioni kuwa waganga wala hawatafika kwenye ofisi ya usajili. Kwa hiyo ninapendekeza kwamba utafiti unaofanywa na vyuo vyetu usiishie kuandika orodha ya majina ya miti, bali uandike kwa lugha ya wenyeji, na kwa ridhaa ya kijiji, jinsi kila mti unavyotambuliwa, unavyochumwa na unavyopimwa, na nakala ya kwanza ibaki kijijini hapo.