Kabla Hujapiga Windo, Angalia Printa

Mhadhara kwa mafundi wa kompyuta na maafisa TEHAMA, kama ulivyotolewa

Asanteni, kaeni. Naona kwenye ratiba wameandika kwamba nitazungumzia "Changamoto za Programu za Kanzidata na Utatuzi Wake". Kichwa kizuri sana, kinafaa kuombea posho. Mimi nitazungumzia printa.

Mnacheka. Walionisikia mwaka jana wanakonyezana: mzee kaanza tena. Naam, nimeanza tena, kwa sababu wiki iliyopita tu nimeletewa kompyuta iliyopigwa windo, yaani kuwekewa Windows upya, mara mbili, Office imeng'olewa na kurudishwa, antivairasi imenunuliwa kwa hela za watu, na ripoti bado inaua programu. Nikamuuliza kijana aliyeileta: ulijaribu printa nyingine? Akanijibu, "Mzee, printa yangu haina shida, shida ni Access." Nikamwambia akae, ninywe chai kwanza.

Nasema Access, Microsoft Access, ile programu ya kanzidata, yaani ya kutunza na kupanga kumbukumbu, kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo kwenye SACCOS, shule binafsi, maduka ya dawa na stoo za vipuri. Msiniambie imepitwa na wakati. Imetoka 1992, najua, humu ndani kuna watu imewazidi umri. Siku mteja atakapopata hela ya mfumo mpya nitafurahi kuliko nyie. Lakini statimenti anaitaka kesho asubuhi.

Dalili mnazijua. Fomu zinafunguka, majedwali yanafunguka, kweri, yale maswali tunayoiuliza kanzidata, zinatoa majibu. Ukibofya ripoti, dirisha linapauka, kile kiduara cha buluu kinazunguka, kisha programu inatoweka kama haikuwahi kuwepo. Wakati mwingine inarudi yenyewe, imekutengenezea nakala yenye mkia wa _Backup. Nimewahi kufungua folda ya ofisi moja nikakuta nakala kumi na moja za namna hiyo, na hakuna aliyejua ipi ndiyo ya leo.

Sasa niwape kisa cha SACCOS. Ndiyo, kilekile. Wageni hawajakisikia.

Niliitwa kwenye SACCOS moja, jina naliacha. Mhasibu wao mama wa makamo, vitabu vyake safi, kazi ameikamata. Naingia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, hata begi sijaweka chini akaniambia:

"Hii programu inamwogopa meneja."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Inamwogopa vipi, mama?"

"Meneja akiwepo, ripoti zinafunguka. Akisafiri, zinakufa. Tumeandika tarehe."

Akafungua kaunta buku. Kweli, tarehe zipo, kwa peni nyekundu. Meneja kaenda Dodoma, ripoti zimekufa. Meneja karudi, ripoti zimepona. Miezi mitatu mfululizo, hasa mwisho wa mwezi, wakati wanachama wanapanga foleni kudai statimenti zao. Keshia alikuwa na uhakika kwamba meneja kaweka nywila ya siri, ili watu wasione hesabu akiwa hayupo. Mlinzi naye alikuwa na nadharia yake. Hiyo naiacha.

Kabla yangu alishapita fundi. Akapiga windo, akaweka Office upya, akafungua ripoti, ikafunguka, akalipwa, akaondoka. Meneja siku hiyo alikuwepo.

Msidhani mimi nilikuwa na akili kumzidi. Nilikaa tu kwenye kiti cha mama nikafungua orodha ya printa. Ile yenye tiki ya kijani, yaani printa chaguo-msingi, jina lake lilianza na mikwaju miwili, likafuata jina la kompyuta nyingine. Nikauliza, hii kompyuta iko wapi? "Ofisini kwa meneja." Na meneja akisafiri? "Anafunga ofisi, na anazima kila kitu ukutani. Umeme ni wa LUKU, mwanangu."

Mmeiona?

Ripoti si fomu. Kabla haijakuonyesha herufi moja, inaiuliza printa: karatasi yako ina upana gani, pambizo yako ndogo kabisa ni ngapi, fonti hii utaichapaje? Inapimwa kama nguo kwa fundi cherehani, na mwili unaopimwa ni printa. Sasa mwili wenyewe umefungiwa ofisini na swichi imezimwa. Access inapiga hodi kwenye mtandao, inasubiri, inapiga tena. Mama anaona dirisha limeganda. Nusu dakika, dakika nzima. Nje wanachama wanagonga kaunta. Mama anabonyeza Ctrl, Alt na Delete, anaiua.

Na hapa ndipo palipouma zaidi. Faili lenyewe lilikuwa moja, liko kwenye folda ya pamoja, na wote wanalifungua humohumo. Mama anaiua Access yake huku keshia naye yumo ndani anaingiza marejesho ya mikopo. Ukifanya hivyo mara moja unaweza kupona. Ukifanya kila mwisho wa mwezi, faili linajeruhiwa kweli, na mwisho wake litakufa hata meneja akiwepo. Kwa hiyo nilipofika mimi, wagonjwa walikuwa wawili: printa iliyozimwa, na faili lililoumia kwa kuuawauawa. Kila fundi anamtibu huyu wa pili, anapona wiki tatu, meneja anasafiri, tunarudi palepale.

Nikahamisha ile tiki kwenda kwenye Microsoft Print to PDF, hii inayokuja na Windows 10 na 11. Haina waya, haina wino, haiendi Dodoma. Nikafunga Access, nikaifungua upya, nikabofya ripoti ya wanachama. Ilifunguka kabla mama hajavaa miwani.

Jaribio hilo ni dakika moja. Kupiga windo ni nusu siku pamoja na kutafuta draiva, zile programu za kuendesha vifaa kama printa. Nawaomba tu mpangilie: la dakika moja litangulie.

Kaka wa shati la bluu anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: "Mimi sichapishi, naangalia tu kwenye skrini." Print Preview, kaka, ni kuchapa bila karatasi. Kurasa zinagawanywa kwa vipimo vya printa uwe unachapa au huchapi. Ndiyo maana tangu toleo la 2007 kuna mwonekano mwingine, Report View, ambao haugawi kurasa. Ripoti ikifunguka vizuri huko halafu ikafa kwenye Print Preview, umeshapata dalili kubwa bila kugusa bisibisi.

Mwingine huniuliza: mbona Word inachapa vizuri kwa printa hiyohiyo? Swali zuri, hata kama huulizwa ili nishindwe. Ripoti ya Access hubeba mipangilio ya printa tumboni mwake. Nenda Page Setup, kichupo cha Page, utakuta machaguo mawili: itumie printa chaguo-msingi, au printa maalumu. Aliyeitengeneza ripoti 2014 alichagua maalumu, ile aliyokuwa nayo mezani, na printa hiyo ilishauzwa chakavu. Word haimjui marehemu, ripoti bado inamtafuta. Kawaida Access huuliza kwa adabu: printa ile haipo, nitumie hii nyingine? Lakini nani anasoma? Tunabofya tu. Rudisheni ripoti zote kwenye chaguo-msingi, hifadhini, msonge mbele.

Halafu draiva yenyewe. Wengi wanadhani draiva inakaa huko nje, kwenye printa. Hapana, sehemu yake hupakiwa ndani ya Access wakati ripoti inafunguka. Ikianguka, haianguki peke yake. Mgeni akijikwaa kwenye sinia, wali wote uko chini, na lawama anapewa mpishi. Ondoeni draiva nzima, wekeni ile iliyotolewa na watengenezaji wa printa kwa toleo lenu la Windows, na si ile mliyoibeba kwenye flashi tangu enzi za Windows 7.

Na hapohapo, mkiwa kwenye mipangilio ya printa, kuna swichi inayosema Windows isimamie yenyewe printa chaguo-msingi. Ikiwashwa, printa uliyoitumia mwisho ndiyo inapewa tiki. Duka la dawa lina printa mbili: ya A4, na ile ndogo ya risiti ya milimita 80. Mchana kutwa wanatoa risiti. Jioni mwenye duka anafungua ripoti ya stoku, A4 ya kulala, nayo inapimwa kwenye utepe wa risiti! Ikitoka imekatwa vipandevipande, hapo una bahati. Zimeni swichi hiyo.

Sitaki pia kusikia fundi akisema "ilijifunga tu". Windows inaandika. Fungueni Event Viewer, Windows Logs, Application, mtafute tukio namba 1000 la saa ileile. Someni mstari wa faulting module, yaani sehemu iliyoanguka. Jina likiwa na harufu ya kampuni ya printa, mmemaliza. Likiwa VBE7.DLL, mtazame msimbo wa VBA, yale maagizo ya programu yaliyoandikwa nyuma ya ripoti. Likiwa ACECORE.DLL, hiyo ni injini ya kanzidata, mtazame data na faili. Likiwa ntdll.dll, poleni, ni sawa na daktari kuandika kwamba marehemu alikata pumzi. Na mkikuta namba 1002, programu iliganda ndipo mtu akaiua, kama mama wa SACCOS. Kisa kile kingeonekana hapo tangu mwezi wa kwanza.

Mwenyekiti ananyanyua karatasi, dakika tano. Nilikuwa na sehemu nzima ya faili lililoharibika. Basi nikimbie.

Umebadilisha printa na ripoti bado inakufa: watu wote watoke kwenye programu. Tazama kwenye folda, lile faili dogo la .laccdb, la kufuli, liwe limetoweka. Likiwepo, kuna mtu bado yumo, au Access ya mtu imebaki nyuma ya pazia. Nakili faili. Nimesema nakili, kwanza, kabla ya Compact and Repair, ile amri ya kubana na kurekebisha faili, kwa sababu kurekebisha nako huweza kutupa rekodi iliyoharibika. Kisha fanya Compact and Repair. Ikishindikana, fungua kanzidata mpya tupu uingize kila kitu kutoka kwenye ile ya zamani, ripoti yenye kisirani iache ya mwisho. Ikigoma kuingia, ijenge upya. Kuna ripoti ambayo nimeibembeleza siku mbili, na kuijenga upya ikanichukua dakika arobaini. Kama msimbo ndio wenye shaka, kuna ile swichi ya /decompile, inayofuta msimbo uliokwisha kutafsiriwa kwa mashine, kwenye nakala tu, halafu Compile, yaani kuutafsiri upya. Zima na Name AutoCorrect, ile ya kusahihisha majina yenyewe, kwenye Options, inasumbua kuliko inavyosaidia.

Na mgawanye! Majedwali kwenye faili moja kwenye seva, fomu na ripoti kwenye faili jingine, na kila mtu awe na nakala yake kwenye kompyuta yake. Mtu akiua Access yake katikati ya ripoti, ripoti yake ikiharibika unampa nakala mpya. Lile la SACCOS tuligawanya siku hiyohiyo. Tazameni na ukubwa, Access haivuki GB 2, na kuna watu wanabandika picha za pasipoti za wanachama wote humohumo ndani.

Suala la biti 32 na biti 64 sitaligusa, linataka siku yake. Mwenyekiti, nimekuona.

Mama wa SACCOS? Alinipigia baada ya miezi miwili. "Fundi, meneja kasafiri na ripoti zimefunguka zote. Keshia anauliza nywila umeitoaje."

Dada wa nyuma, naona flashi yako, ilete. Hiyo ripoti uliyosema inakufa tangu Jumatatu, hebu niambie kwanza: Jumatatu mlihamisha nini pale ofisini? ... Eti meza ya printa. Haya, njoo mbele.