Mwili Kwanza, Manyoya Baadaye

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nitalirudia kwa sababu kazi mlizozitundika ukutani zinanilazimisha: mnapochora wanyama kwa rangi ya maji, acheni kuchora manyoya unywele mmoja mmoja. Yule chui wa kushoto amejaa nywele lakini hana mwili. Aliyemchora ana mkono mzuri kweli, na hilo ndilo linaloniuma.

Najua mtakachonijibu: "Na sungura wa Dürer je?" Kila nikiligusa jambo hili naletewa sungura huyo. Haya, tumtazame vizuri. Albrecht Dürer, yule mchoraji Mjerumani, alimchora mwaka 1502 kwenye karatasi yenye urefu wa sentimita 25 hivi, na leo yuko kwenye jumba la makumbusho la Albertina, mjini Vienna. Watu huziona zile nywele wakadhani uvumilivu ndio uliomtia uhai. Sivyo hata kidogo! Dürer alitanguliza rangi nyepesi ya kahawia, akaupata mwili: bega, mgongo, paja lililokunjwa. Nywele zilifuata, zikiwekwa juu ya mwili uliokwisha kuumbika, nyingine kwa rangi iliyokoza, nyingine kwa rangi nzito isiyopenyeza mwanga. Tena angalieni zinavyolala. Kifuani zinaelekea huku, ubavuni kule, kwa sababu zinafuata mfupa na msuli ulio chini yake. Kisha jicho: ndani yake kuna kipande kidogo cha mwanga, taswira ya dirisha. Ondoeni nusu ya nywele zile, sungura bado ameketi. Ondoeni ile kahawia ya kwanza, hakuna sungura.

Kwa hiyo msinitajie Dürer kama shahidi wenu. Ni shahidi wangu.

Rangi ya maji ina tabia yake. Ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mgunga, na ukiuyeyusha vizuri mwanga hupenya, ukafika kwenye karatasi, ukarudi machoni. Weupe wetu ni karatasi yenyewe. Kila unapopitisha brashi mahali palepale unapunguza mwanga huo, na mwenye kuhangaika na unywele mmoja mmoja hupita hapo mara nyingi hadi rangi ikawa tope. Ndiyo maana yangeyange huchorwa kwa kuchora kila kitu isipokuwa yeye: matete yaliyo nyuma yake kwanza, halafu kivuli cha bluu hafifu chini ya bawa. Basi! Mtu ataniuliza, mbona rangi nyeupe inauzwa? Itumieni kwa masharubu, sina ugomvi nayo. Lakini haiwezi kumfufua mnyama aliyekwisha kufia kwenye tope.

Pundamilia ndiye anayewaumbua wengi. Mchoreni kwanza kana kwamba hana mistari: kivuli cha tumbo, cha shingo, cha ndani ya mapaja. Subirini kikauke kabisa. Mistari ije mwisho, ikizunguka ule mviringo wa mwili. Anayeanza na mistari hupata kitambaa cha pazia.

Na tembo? Bluu ya ultramarini ikichanganywa na kahawia nyekundu, juu ya karatasi yenye uso wa vishimo vidogo vidogo, chembe zake hutua mashimoni zenyewe. Iwekeni ikiwa na maji ya kutosha, inamisheni karatasi, kisha ondoeni mkono. Mkiirudia ingali mbichi mtaiharibu ile ngozi.

Muda unanikimbia, kwa hiyo haya nayataja tu. Karatasi iwe ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba; nyepesi zaidi ya hapo hujikunja ikilowa, labda muitandaze na kuibana kwanza. Nyeusi ichanganyeni wenyewe kwa bluu na kahawia, ibaki na uhai. Nyekundu ya alizarini ya asili hufifia kwenye mwanga, hivyo someni lebo kabla ya kumpaka ndege kilemba nayo. Picha ya kamera huviziba vivuli vikawa vyeusi vitupu, kwa hiyo kaeni mbele ya mnyama aliye hai na penseli, hata kama anatembea na hampati zaidi ya mstari wa mgongo.

Ndege anayeruka nilimtengea nusu saa nzima, na hiyo nusu saa imekwenda kwa sungura. Maswali tafadhali, na mwenye chui aanze yeye.