Bandari za Ufaransa katika Picha za Joseph Vernet

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji wapenzi. Leo tunamzungumzia Claude-Joseph Vernet, mzaliwa wa Avignon mwaka 1714, aliyeishi Italia kwa takriban miaka 20 akichora bahari, dhoruba na merikebu zilizovunjika. Bwana Bakari, alirudije kwao?

BAKARI: Aliitwa na serikali, Bi. Zuhura. Mwaka 1753 aliagizwa amchoree Mfalme Louis wa 15 bandari za Ufaransa. Zilikusudiwa picha 24, naye akakamilisha 15 hadi mwaka 1765, kila moja ikiwa na upana wa zaidi ya mita 2 na nusu. Marquis de Marigny, msimamizi wa majengo ya mfalme, alitaka kila mji utambulikane, na sehemu ya mbele ya picha ionyeshe shughuli za wenyeji.

ZUHURA: Sharti hilo la pili ndilo linalonivutia mno, kwa maana limetuachia watu walio kazini. Katika picha ya Bandol, jodari wameshanaswa katika mtego mkubwa wa nyavu, na wavuvi wameinama ubavuni mwa mashua zao wakiuvuta wavu juu, huku watu wa tabaka la juu wamekuja kwa mashua kutazama. Katika ile ya Dieppe, ya mwisho, wachuuzi wa samaki wamejaa mbele kabisa, na majengo ya mji yako nyuma yao.

BAKARI: Hata hivyo, mchoraji na msimamizi hawakuafikiana siku zote. Vernet alitaka kuichora Sète kutokea baharini, mawimbi yakiwa yamechafuka, kwa sababu bahari ya namna hiyo ndiyo aliyoimudu kuliko wote. Marigny akamkumbusha kwamba uzuri wa picha hauwezi kuchukua nafasi ya ufanano na mahali penyewe. Mwishowe picha ilichorwa kutokea baharini, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa zilizo hai zaidi.

ZUHURA: Nakubaliana nawe. Lakini ni lazima tuseme pia yale yasiyoonekana. Vita vya Miaka Saba dhidi ya Uingereza, vya 1756 hadi 1763, viliidhoofisha sana Ufaransa baharini, ilhali picha za Bordeaux na La Rochelle, zilizochorwa wakati huohuo, zimetulia kana kwamba hakuna adui. Tena, miji hiyo miwili ilitajirika kwa sukari iliyolimwa na watumwa katika visiwa vya Karibi, na meli zake zenyewe zilisafirisha watumwa kutoka Afrika.

BAKARI: Ni kweli, na picha ya mfalme isingelisema hilo. Mimi hutazama mizigo iliyorundikwa gatini nikijiuliza imelimwa na nani. Picha 13 kati ya hizo ziko katika jumba la makumbusho ya ubaharia jijini Paris, na 2 ziko katika jumba la makumbusho la Louvre, jijini humo humo.

ZUHURA: Atakayefika huko aanze na ile ya Bandol, asimame karibu na wale wavuvi.