Ekstensheni ya kuchajia gari ya umeme: jibu langu kwa mnaoniuliza kila siku

Assalaam alaykum, watu wangu wa Unguja na Pemba. Leo hakuna matembezi. Nimekaa kujibu swali moja, maana linanijia hata kwenye video ya mapishi: "Huko Uingereza zinauzwa ekstensheni za kuchajia gari kwa kasi, si ututumie?" Nikinyamaza naambiwa nina choyo. Nikisema hazifai naambiwa nimeshawaona nyinyi hamstahiki kitu kizuri. Wallahi si choyo wala si majivuno. Nakataa kwa sababu ya kinachotokea pale waya mbili zinapoungana.

Naanza na hiyo ya kasi, ndiyo mnayoitaka. Chaja ya kasi inapeleka umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu, moja kwa moja kwenye betri. Gari nyingi ni kiasi cha volti 400, baadhi ya mpya ni 800. Chaja ya CHAdeMO ya kilowati 50, hii ya Nissan Leaf za Japani mnazoziagiza, inafika ampea 125 (ampea ndiyo wingi wa umeme unaopita). Zile kubwa za CCS, aina nyengine ya chaja ya kasi, zinafika 500, na waya wake una kimiminika ndani cha kuupoza. Sasa shikeni hesabu moja: ampea zikizidi mara mbili, joto linakuwa mara nne. Chukua mguso mmoja uliolegea kidogo tu, ukinzani wake, yaani unavyouzuia umeme, omu 0.001. Kwa ampea 10 hutohisi kitu. Kwa ampea 200 ni wati 40, joto la kile chuma cha mafundi redio cha kuyeyushia risasi, limefungiwa ndani ya plastiki.

Tundu la gari nyingi lina kihisio cha joto. Pakipata moto kupita kiasi, gari inapunguza umeme au inakata. Pia kuna kufuli, kwenye tundu au kwenye kichwa cha chaja, huwezi kuchomoa huku umeme unapita. Ukiweka ekstensheni, unaongeza maungio ya katikati ambayo gari haiyajui: mara nyingi hayana kihisio wala kufuli ya kweli, na yamelala chini penye mchanga na mvua. Mtoto akijikwaa yakafunguka, umeme wa DC unarukia hewani kwa cheche ndefu isiyotaka kuzimika. Umeme wa nyumbani unageukageuka, unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche yake inapata nafasi ya kufa. DC haina nafasi hiyo. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha kuchajia gari, IEC 61851-1, kinakataza kurefusha waya wa kuchajia kwa ekstensheni. Madukani mtandaoni zipo, ndiyo, na nyengine zina maandishi mazuri ubavuni. Kuuzwa si ruhusa.

Tena kuna la makaratasi. Mtu anadhani kutuma ni kutia ndani ya pipa basi. Wakala anataka risiti, forodha wanataka thamani, na kitu kisicho na cheti kikikuunguzia nyumba huna wa kumdai. Pesa yako imekwenda, na bima ya gari ikiuliza ulichajia nini, huna karatasi. Na anayesema huku Uingereza mambo rahisi: anayepanga ghorofani huku anahitaji barua ya mwenye nyumba, na kupitisha waya juu ya njia ya miguu ni mpaka halmashauri iridhie. Wengi wanakwama hapo hapo. Silalamiki, naeleza tu.

Haya, sasa kuchaji taratibu nyumbani. Hapa, yaani ekstensheni kati ya soketi ya ukutani na chaja, sikatai moja kwa moja, ingawa vitabu vya gari nyingi vinakataza ekstensheni hata hapa. Kila nyumba na waya zake, kwa hivyo nisemayo yapimwe na fundi wako.

Chaja ya kuchomeka kwenye soketi ya pini tatu kwa kawaida inavuta ampea 10, yaani wati 2,300. Birika la umeme linaweza kuvuta zaidi, lakini birika ni dakika nne. Leaf ya kilowati-saa 24 ikiwa tupu ni saa 11 na zaidi bila kupumzika. Hapo ndipo ekstensheni ya dukani inapoumbuka. Waya wake mara nyingi ni wa milimita 0.75 za mraba. Mita 20 za waya huo, kwenda na kurudi, ni karibu omu moja: unapoteza volti 10 na unatengeneza wati 100 za joto njiani, kwa pesa yako ya umeme wa Tukuza. Ukiuacha umeviringwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea na mpira unayeyuka kuanzia ndani. Mita 20 zile zile za milimita 2.5 ni kama wati 30, zimetawanyika urefu wote, hutozihisi.

Kwa hivyo ikiwa huna budi: waya wa shaba wa milimita 2.5, nyuzi tatu, kipande kimoja, umekunjuliwa wote, usiunganishe viwili. Kabla ya kununua, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ndani ikiwa nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, rejesha. Chaji nusu saa, zima, kisha gusa plagi kwa mgongo wa mkono, upande wa fyuzi, maana ndipo panapochemka mwanzo. Rudia baada ya saa mbili. Ukiona pini imegeuka rangi ya kahawia, au unasikia harufu ya samaki mbovu ambaye hayupo, hiyo soketi imekwisha. Usiisugue, ibadilishe. Chaja ikiwa na kitufe cha kupunguza, ishushe mpaka ampea 6: joto linabaki kidogo zaidi ya theluthi. Utachelewa, lakini utalala.

Taa nyekundu ya ethi (waya wa ardhini) ikiwaka kwenye chaja, msimruhusu fundi "kuidanganya" kwa kuunga ethi na nyutro (waya wa kurudisha umeme) ndani ya plagi. Hili naliomba kwa moyo wote. Nyutro ikikatika huko nje, bodi nzima ya gari inakuwa na umeme, na wa kwanza kuishika ni mtoto anayetoka chuoni. Ardhi yetu ya mawe na mchanga mkavu haipokei ethi vizuri. Dawa ni fimbo ya ethi ya kuzika ardhini iwe ndefu zaidi, au ziwe mbili, zipimwe kwa kifaa, pamoja na swichi ya usalama (RCD) inayokata umeme ukivuja miliampea 30.

Mnaokaa majumba ya Michenzani mnaotaka kuteremsha waya dirishani kutoka ghorofa ya tatu: hapana. Waya unaning'inia kwa uzito wake, maungio yanavutika, upepo wa kusi unausugua ukutani.

Pesa ya ekstensheni nzuri ningeiongezea kidogo nikahamisha soketi badala ya kurefusha waya: laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, waya wa milimita 4 ndani ya bomba, sakiti breka ya ampea 16, soketi ya bluu ya viwandani yenye mfuniko, usawa wa kiuno, gari linapolala. Chaja nayo iwe na plagi ya aina hiyo. Leaf zilizokuja na chaja ya Japani, someni kibao chake kwanza: ikiandikwa 100V au 200V tu, msikate plagi mkatia ya pini tatu. Nunueni chaja ya volti 230 yenye kichwa cha Type 1, kinachoingia kwenye tundu la kuchaji taratibu la Leaf hizo.

Anayetaka nimkadirie, aandike hapo chini umbali kutoka bodi ya umeme mpaka gari, ampea za chaja, na unene wa waya ulioandikwa ubavuni. Jina la duka sihitaji.