Programu Isiyojua Ilipo Isikubali Kuwaka

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu na vijana mliotoka vyuo mbalimbali vya hapa Nairobi, sitaeleza kwa kirefu kigeu cha mazingira, yaani thamani ambayo programu huipokea kutoka nje ya msimbo wake, kwa kuwa kila aliyemo humu amewahi kukiweka kwa amri ya export kabla ya kuwasha programu yake. Wala si jambo jipya, maana mfumo endeshi wa Unix ulikuwa navyo vigeu hivi katika toleo lake la 7, mwaka 1979. Nimekuja kusema lile ninalolisema kila ninapopewa nafasi, nami nitalirudia hadi lisikike: programu iliyokosa usanidi wake, yaani mipangilio inayoitegemea, haina ruhusa ya kubahatisha.

Chukueni chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho jina lake halituhusu. Mfumo wake ulihamishiwa seva mpya Ijumaa usiku, na aliyeuhamisha, badala ya DATABASE_URL, kigeu kinachobeba anwani ya hifadhidata, akaandika DATABSE_URL. Herufi A moja ilidondoka. Mfumo ulipaswa kugoma papo hapo. Haukugoma, kwa sababu ndani ya msimbo palikuwa na mstari ulioagiza kwamba DATABASE_URL isipopatikana, itumike hifadhidata iliyomo katika seva hiyo hiyo. Hifadhidata hiyo ilikuwapo, majedwali yote yamepangwa, ila haikuwa na mwanachama hata mmoja. Jumamosi asubuhi watu wakaanza kuweka akiba kwa M-Pesa kama kawaida. Programu ikapokea taarifa ya kila malipo, ikatafuta namba ya uanachama isiione, ikayatupa malipo katika jedwali la yasiyotambulika, kisha ikamwandikia mwenye fedha zake kwamba namba yake haipo. Kumbukumbu za seva hazikuonyesha kosa lolote, kwa maana kwa upande wa kompyuta kila agizo lilitekelezwa. Hata herufi ile iliporudishwa, makarani walilazimika kuyahamisha malipo moja baada ya jingine, huku wanachama wamejaa mlangoni wakidai maelezo, na walikuwa na haki ya kuyadai.

Yuko atakayenijibu kwamba thamani za chaguo-msingi humrahisishia kazi anayeanza. Nalijua jibu hilo, na silikubali. Idadi ya rekodi katika ukurasa mmoja inaweza kuwa na chaguo-msingi. Anwani ya hifadhidata na funguo za Daraja, lango la Safaricom la kuunganisha mifumo na M-Pesa, haziwezi, kwa sababu kukisia hapo ni kukisia fedha za watu. Katika Python, lugha ya kuandikia programu, tofauti yenyewe ni ndogo machoni: os.environ["DATABASE_URL"] huisimamisha programu kwa kosa la KeyError kigeu kisipokuwapo, ilhali os.environ.get hurudisha None, yaani thamani tupu, au chochote ulichokitaja kama mbadala, na kazi ikaendelea. Mficha uchi hazai. Programu na iseme mwanzoni kabisa, kabla ya kupokea ombi la kwanza, kwamba imekosa kigeu fulani, ikitaje kwa jina, kisha izime.

Mwingine atasema kwamba kugoma huko kutaangusha huduma. Ndiyo, kutaiangusha Ijumaa usiku, mhandisi akiwa bado ameketi mbele ya mashine, na kosa litasahihishwa kabla mwanachama yeyote hajaamka.

Naona mwenyekiti anatazama saa, kwa hiyo yaliyosalia nitayapitia upesi. Kila thamani ya kigeu hufika ikiwa maandishi; ukiandika DEBUG=false, yaani si kweli, kisha ukaipitisha katika bool ya Python, inayogeuza thamani kuwa kweli au si kweli, utapata True, yaani kweli, kwa kuwa maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli. Kagueni maandishi yenyewe. Kuhusu saa, seva nyingi za kukodi hufuata UTC, saa ya marejeo ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa 3, hivyo malipo ya saa nane usiku yataangukia tarehe ya jana katika ripoti inayosoma saa ya seva; wekeni kigeu cha majira, TZ=Africa/Nairobi, au mbadilishe saa waziwazi ndani ya ripoti. Kuhusu siri, faili la .env, linalohifadhi vigeu hivi pamoja na funguo, halina nafasi ndani ya Git, mfumo unaotunza kila toleo la msimbo, na ambaye tayari ameliingiza asidhani kulifuta kunatosha, kwa sababu historia ya Git bado inalo na kila aliyenakili msimbo huo anao ufunguo. Aubatilishe ufunguo huo leo, achukue mwingine.