Mpira Mrefu Huanzia Ofisini

(Mazungumzo na wanafunzi wa Kiswahili na mashabiki wa kandanda, Jinja)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Na dada zangu wa safu ya pili mliovaa jezi za Arsenal, nimewaona, na leo naomba mnivumilie.

Nimeambiwa nizungumze juu ya hasira ya shabiki. Mimi si mwalimu wa chuo. Kwa miaka 9 nilikuwa na kibanda cha kuonyesha mpira huku Walukuba, na elimu yangu nimeipata pale mlangoni. Kibanda mnakijua: mabati, mbao, skrini mbili, dekoda moja iliyochoka, jenereta nje inanguruma. Kiingilio shilingi 1,000, siku kubwa 2,000. Benchi la mbele ni la watoto, la katikati ni la waliobeti, la nyuma kabisa ni la wazee wasiotaka waonekane wakitokwa na machozi. Mimi nilikaa mlangoni na kopo la pesa, skrini naiona nusu. Kwa hiyo mechi nyingi nilizifuata kwa masikio.

Ukizifuata kwa masikio utagundua kwamba hasira ina sauti mbili. Timu ikifungwa, watu hupiga kelele, wanamtukana beki, wanamtukana refa, kisha wanaagiza chai. Hiyo inapita. Sauti ya pili ni msonyo. Huu hauji wakati wa goli. Unakuja timu iko nyuma, dakika ya 70, na beki anaurudisha mpira kwa kipa. Benchi zima linasonya kwa pamoja kama gurudumu linalotoka upepo. Kelele huisha mechi ikiisha, lakini msonyo mtu huenda nao nyumbani, na wiki ijayo anarudi nao.

(Kuna jambo jingine nililisikia pale, nalo ni la ninyi wanafunzi. Watu wa kwetu hushangilia kwa Kisoga na Kiganda, ila wakitaka kumgombeza mwenye timu wanahamia Kiswahili. Wanasema ni lugha ya amri, ya kambi ya jeshi. Basi leo sote tuko kambini.)

Msimu wa 2024/25 nilikuwa na mteja, kijana wa boda, Manchester United damu. United ile ilimaliza ya 15 kwenye ligi, ikiwa na pointi 42. Alikuwa analipa kiingilio chake, anakaa, na ikifika kipindi cha pili anageuza mgongo kwa skrini na kuutazama mlango, yaani ananitazama mimi. Siku moja nikamwuliza, kijana, mbona unalipa kuja kuniangalia mimi? Akaniambia, "Mzee, hawa wanacheza kama watu wanaodaiwa."

Nilicheka. Usiku nikiwa nahesabu sarafu nikakumbuka kwamba ni kweli, wanadaiwa.

Mwaka 2005 familia ya Glazer kutoka Marekani iliinunua Manchester United, na sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mikopo. Mikopo ile haikubaki shingoni mwa familia, ikawekwa juu ya klabu yenyewe. Ni sawa na mimi ninunue boda kwa mkopo, kisha deni liandikwe kwa jina la pikipiki: abiria analipa nauli, nauli inalipa riba, na mimi mwenye chombo nimekaa kivulini. Mashabiki wa kule waliliona mapema. Mwaka 2010 uwanja ulijaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la klabu ile ilipoanzishwa 1878. Tarehe 2 Mei 2021, baada ya ule mpango wa klabu 12 kuanzisha ligi yao ya Ulaya (Super League) kuzuka na kufa ndani ya siku chache, mashabiki waliingia hadi ndani ya Old Trafford, uwanja wa United, na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa. Mwaka 2024 tajiri Mwingereza, Jim Ratcliffe, alinunua zaidi ya robo ya hisa na kukabidhiwa mambo ya mpira. Familia bado ipo.

Sasa nendeni kwenye mtindo wenyewe. Tangu kocha Ferguson astaafu 2013 wamepita Moyes, van Gaal, Mourinho, Solskjær, Rangnick, ten Hag, Amorim. Mmoja anataka mpira ukae miguuni, mwingine anataka ukuta na shambulizi la ghafla, mwingine anataka mabeki watatu mvua inyeshe jua liwake. Kila mmoja aliyekuwa na fedha alinunua watu wa kipimo chake. Anapofukuzwa, anayefuata anakuta marundo ya mitumba kama soko la Owino asubuhi: nguo nyingi, nyingine nzuri sana, na hakuna inayomkaa. Halafu sisi huku tunasonya kwa sababu kiungo anarudisha mpira nyuma. Anarudisha kwa sababu wa mbele yake alinunuliwa na kocha wa tatu kabla ya huyu, kwa kazi nyingine kabisa.

Hilo ndilo jambo langu la leo, na sina jingine. Shabiki anaona mguu wa mchezaji, lakini ule mguu unaendeshwa na ofisi. Mpira mrefu huanzia ofisini. Shabiki akilalamikia mtindo, mara nyingi ameuona ugonjwa sawasawa, ila anaukanda upande usiouma.

Dada zangu wa Arsenal msicheke, zamu yenu imefika. Kocha Wenger alikaa miaka 22, kutoka 1996 hadi 2018. Mwaka 2004 alichukua ligi bila kufungwa mechi hata moja. Mwaka 2006 klabu ikahamia uwanja mpya wa watu 60,000, na uwanja ni mkopo. Mkopo unalipwaje? Henry aliondoka 2007. Fàbregas na Nasri 2011. Van Persie 2012, tena kwenda United! Kati ya mauzo hayo kuna siku moja ya Agosti 2011, United nane, Arsenal mbili, Old Trafford. Wakati ule mashabiki walisema mzee amechoka, pasi mia hakuna goli. Huenda kweli alikuwa amechoka. Lakini pasi zilikuwa zilezile za 2004. Waliopungua ni watu wa kuzimalizia, na hao walipunguzwa na daftari la benki.

Kisha akaja Arteta, akajenga ukuta, akawafundisha kufunga kwa kona, na nikasikia benchi la katikati linasonya: mbona tunafunga kwa kona tu? Nilitamani kuzima jenereta. Lakini niwatendee haki. Timu ikiwa ya pili misimu mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, mtu ana ruhusa ya kuuliza lolote. Na hapa Jinja tuna deni letu na Arsenal. Januari 2023 waliifunga United 3-2, vijana wa mji huu wakatoka barabarani na kikombe chao cha kujitengenezea, polisi wakawakamata baadhi yao kwa kuandamana bila kibali. Msimu ukaisha Manchester City wakachukua ligi. Kikombe pekee cha Arsenal msimu ule kilikuwa hicho cha Jinja, nacho kilifika kituoni.

Ya Ulaya yanatosha. Kule hatuna kura. Ukisonya Walukuba, London hawasikii. Nataka turudi nyumbani, maana hapa ndipo ninapoumia.

Tazameni ligi yetu na mniambie klabu ni ya nani. KCCA ni ya jiji la Kampala. URA ni ya mamlaka ya mapato. Maroons ni ya Magereza, Police jina linajieleza. Vipers wanacheza Kitende kwenye uwanja wa Lawrence Mulindwa, aliyewahi kuwa rais wa FUFA, shirikisho la kandanda la Uganda. Nawapa heshima, wanalipa watu na wanaleta makombe. Ila shabiki wa URA akichukizwa na uongozi afanye nini, aache kulipa kodi? Atafungwa yeye, kocha atabaki.

Mtindo mzuri nao tumeuona kwa macho yetu. KCCA ya kocha Mike Mutebi ilipiga pasi za chini, na vijana wadogo wakiaminiwa, ikachukua ligi 2016, 2017 na 2019, ikaingia hatua ya makundi ya Afrika 2018 na kuifunga Al Ahly ya Misri 2-0. Watu wanasema ni akili ya Mutebi. Ni kweli, akili ilikuwepo. Lakini kumbukeni pia kwamba Lugogo, uwanja wa KCCA, kuna nyasi bandia, mpira unateleza pale unapoupeleka. Na kumbukeni alipewa miaka kadhaa ya kukosea na kurekebisha. Mpelekeni Mutebi huyohuyo kwenye kiwanja chenye vichuguu, mpeni miezi minne, mje mniambie kuhusu pasi za chini.

Na wale wanaosema shabiki anataka magoli tu, wakumbuke 2003. SC Villa walikuwa wanawania ubingwa na Express kwa tofauti ya magoli, wakacheza na timu ya Akol, wakashinda 22-1. Ishirini na mawili! Kama magoli ndiyo furaha, siku ile nchi nzima ingecheza ngoma. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyefurahi. Mzee mmoja, Jogoo, yaani shabiki wa Villa, wa tangu enzi za uwanja wa Nakivubo, aliwaona Villa wakicheza fainali ya Afrika 1991 dhidi ya Club Africain. Aliniambia kwamba 6-2 ya kule Tunis ilimuuma wiki moja, na 22 hii ya kushinda inamuuma mpaka leo. Villa walichukua ligi tena 2004, kisha wakakaa miaka 20 bila kuishika hadi 2024.

Niwape ya kwangu mwenyewe, ndogo. Nina klabu, ya daraja la chini, jina lake nimeliacha nyumbani. Kiwanja chake asubuhi hulisha ng'ombe. Tulikuwa tunacheza mpira mmoja tu: kipa anapiga, unapaa, sote tunatazama juu kama tunaosubiri mvua, unatua, unadunda kusikojulikana. Nilisonya mpaka mdomo ukauma. Siku moja tumefungwa tatu nyumbani, tukaenda kumzingira kocha. Kocha aondoke! Aondoke! Nami nilikuwemo, tena sauti yangu si ndogo. Tulitaka kuzuia gari lake, kumbe hana gari. Alipanda boda, mfuko wa plastiki wa koni za mazoezi mapajani, akaondoka kweli. Akaja kocha mwingine. Jumamosi yake ya kwanza kipa akapiga, ukapaa, tukatazama juu.

Ndipo nikamfuata kapteni, kijana mpole, mchana anafyatua matofali. Nikamwuliza, mwanangu, kwani pasi fupi hamzijui? Akanijibu kwa adabu, "Mzee, pasi fupi lazima mwenzangu awe ameshajua naipiga wapi kabla sijaipiga. Kujuana kunatoka mazoezini. Sisi mazoezini tunafika saba." Nikamwuliza, na wengine? Akasema, "Wengine wanatafuta chakula."

Watu saba hawawezi kujifunza kumiliki mpira kama timu ya kumi na moja. Hawawezi kufanya mazoezi ya kubana kwa pamoja, maana akisogea mmoja bila wenzake ameacha pengo. Kitu pekee ambacho timu isiyokutana inaweza kukubaliana ni kuupeleka mbali na goli letu, yatakayotokea huko mbele yatokee. Yule kocha wa boda hakuchagua mpira mrefu. Aliukuta.

Basi katika mkutano wa mwaka nikasimama. Wenzangu walikuwa wameandaa maneno makali juu ya kocha mpya. Mimi nikamwomba mtunza fedha, ndugu yangu, tusaidie, tuonyeshe wachezaji waliolipwa mwezi uliopita. Mwenyekiti akasema jambo hilo haliko kwenye ajenda. Mama mmoja anayeuza mandazi pale uwanjani, ambaye mimi nilidhani hajali habari za mpira, akasema, "Liwekeni sasa." Mtunza fedha akafungua daftari. Majina ishirini na nne, mbele ya waliolipwa kuna tiki. Akaanza kuhesabu kwa sauti, kisha akahesabu kimya.

Tiki zilikuwa saba.

Niligeuka kumtazama kapteni. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Tangu siku ile daftari linasomwa kila mwezi, kwa sauti, mwenyekiti apende asipende. Ugomvi umekuwa mwingi, na wafadhili wawili wamekasirika na kuondoka. Mwezi uliopita tiki zilifika kumi na nne. Ng'ombe bado wapo, na Jumamosi kipa akapiga tena, ukapaa. Ila dakika ya 60 hivi walipiga pasi sita mfululizo, nilizihesabu, ya saba ikagonga kichuguu. Benchi lilisonya. Nilisonya nami.

Haya, maswali. Tuanze na dada mwenye jezi.